Mama Yohana wa Mkunya

Harufu ya salfa inafanana na ya kiberiti kilichowashwa na kuzimwa hapo hapo, ila ya kiberiti hupita na hii haipiti. Inakaa puani, kwenye shuka, kwenye kikombe cha chai, na nguo ikishaishika haitoki kwa kufua mara moja. Katikati ya mwaka, mikorosho inapoanza kutoa maua na umande wa alfajiri bado uko kwenye majani, watu wa Newala huamka mapema kupuliza ule unga wa njano ili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, usiharibu maua yao, na ikifika saa mbili asubuhi ukungu wa uwanda ule wa juu na vumbi la salfa vimekuwa kitu kimoja. Nilifika Mkunya asubuhi ya namna hiyo, nikiwa na miaka tisa, nimekaa mbele ya lori la rafiki wa baba, na jambo la kwanza nililosema niliposhuka ni kwamba kuna nyumba inaungua. Watu walicheka. Baba alinikabidhi kwa mama yake pamoja na mfuko wangu wa nguo, akanywa uji akiwa amesimama, kisha akarudi Masasi na lori lile lile ili ampeleke mama hospitali ya Dar es Salaam. Hakuniambia mama anaumwa nini, zaidi ya kwamba ni tumbo. Aliniambia nisimsumbue Bibi.

Nilikuwa mtoto wa Masasi, na Masasi ina milima ya mawe ambayo haikuruhusu kupotea. Ukigeuka popote unaiona, na unajua nyumbani ni upande gani. Mkunya haina mlima. Unaona mikorosho, halafu mikorosho, halafu anga, na usipofika ukingoni, kule ardhi inakokatika na kushuka kuelekea bonde la Ruvuma, huwezi hata kujua kwamba uko juu. Baba alikuwa fundi wa magari karibu na stendi ya Masasi. Mama alikuwa akisuka nywele za watu barazani kwetu, na mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Kwa kuwa baba ni Mmakonde na mama ni Myao, nyumbani tulizungumza Kiswahili, na Chimakonde changu kiliishia kwenye salamu. Watoto wa Mkunya walinizunguka siku mbili tatu za kwanza kuona kama nina jambo la kufurahisha, wakakuta sina, wakarudi kwenye michezo yao. Siwalaumu. Mtoto asiyeelewa mzaha huwezi kucheza naye.

Halafu kulikuwa na suala la maji. Mtu wa bondeni hawezi kulielewa mpaka alale Newala kiangazi. Maji ya Bibi yalikuwa kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani, yamekingwa kutoka kwenye paa la bati wakati wa mvua, na kisima kilikuwa na mfuniko wa mbao wenye kufuli. Ufunguo Bibi aliufunga kwenye pindo la kanga. Ukingoni mwa paa kulikuwa na mfereji wa bati wa kupeleka maji kisimani, lakini upepo wa mvua zilizopita ulikuwa umeung'oa upande mmoja, ukabaki unaning'inia. Bibi alikuwa akimsubiri baba aje kuutengeneza. Kila mgeni aliyeingia uani aliutazama mfereji ule kabla ya kutoa salamu, na wengine walitoa pole kana kwamba kuna mgonjwa ndani. Bibi alinipa maji ya kunawa kwenye kikopo na kunisimamia. "Kunawa siyo kuoga, nke mwenzangu," alisema. Ndivyo alivyokuwa akiniita, mke mwenzangu, kwa utani ambao bibi zetu wote wanao na wajukuu wao wa kike. Na alisema "nke" kwa sababu wazee wa Mkunya hawaitamki ile m ya mwanzo wa neno kama tunavyoitamka Masasi. Wanaibana puani mpaka inakuwa n. Mtoto ni ntoto, mgonjwa ni ngonjwa. Na r yao inaegemea kwenye l. Nilichukua muda kuzoea, na kuna maneno mawili ambayo sikuyazoea kwa wakati.

Mama alikuwa amenisuka siku moja kabla sijaondoka. Alinisuka akiwa amelala upande, mimi nimekaa chini kwenye mkeka, na alitua mara kwa mara ili avute pumzi. Nywele zilikuwa za mistari ya kawaida, si kazi yake nzuri, mmoja umepinda karibu na sikio. Bibi alipotaka kuzifumua baada ya wiki chache nilikataa. Nilikataa tena zilipoanza kuwasha, na vumbi la salfa lilipoingia kwenye mistari na kufanya kichwa changu kinuke kama shamba. Nilikuwa na wazo ambalo sikumwambia mtu, kwamba nywele zile zikifumuliwa mama atakufa. Sijui nililitoa wapi. Hofu ya mtoto haihitaji ushahidi, inahitaji muda tu wa kukaa peke yake, na muda nilikuwa nao mwingi. Nikisikia gari barabarani nilikimbilia mlangoni kutazama kama linasimama. Nikisikia watu wazima wakinong'ona jikoni nilinyamaza ili nisikie, nao wakaninyamazia. Nikiuliza habari za mama, jibu lilikuwa moja, la kila mtu: mama anaendelea vizuri. Hata mzee wa duka, ambaye hakuwahi kumwona mama, aliniambia mama anaendelea vizuri. Nikajua kwamba hakuna anayejua.

Bibi alikuwa Mwanglikana wa kuzaliwa. Babu yake alibatizwa na wamisionari, na kwa Bibi hilo halikuwa jambo la kujisifu wala la kueleza, lilikuwa kama kuwa na macho. Jua likizama, wakati Mama Hamisi, jirani yetu Mwislamu, anatandika mkeka wake wa kuswalia upande wa pili wa ua, Bibi naye alifunika moto, akaingia ndani, akaweka kibatari juu ya kinu kilichopinduliwa, akapiga magoti kwenye gunia. Mimi nilipiga magoti nyuma yake. Sala za kwenye kitabu alizijua kwa moyo na alizisema haraka, kama mtu anayepita njia ya kila siku. Baada ya hizo alikuja kwenye sala zake mwenyewe, na hapo alipunguza mwendo. Aliomba kwa ajili ya padre, aliomba kwa ajili ya mvua. Kisha akaomba, kila jioni bila kuruka, kwa ajili ya Mama Yohana. Kwamba Mungu amtazame Mama Yohana kitandani pake. Kwamba mikono ya waganga wake isitetemeke. Kwamba arudi kwa watoto wake. Na mwisho kabisa, akiwa ameinua uso kuelekea kwenye dari, aliomba hivi: "Utushushie nfaliji, Baba. Nfaliji juu ya nyumba hii."

Mama Yohana sikumfahamu. Nilidhani ni mama mmoja wa pale kijijini, na kwa siku kadhaa nilijaribu hata kumtafuta. Nilimwangalia kila mwanamke aliyetembea kwa shida na kujiuliza kama ni yeye. Lile neno nfaliji nililifahamu, au nilidhani nalifahamu. Mfereji. Bibi alikuwa anaomba ashushiwe mfereji juu ya nyumba, na mfereji wa nyumba kweli ulikuwa umeng'oka, na kila mtu aliutazama, na mvua zilikuwa zinakaribia. Mtoto yeyote wa shule angeelewa hivyo hivyo. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini mwanamke mzima apige magoti kila jioni kumwombea jirani na kuomba bati, huku mke wa mwanawe yuko hospitalini na hatajwi hata mara moja. Nilisubiri jina la mama. Masasi nzima ilimwita Mama Agnesi, kwa jina langu, na nilipiga magoti nyuma ya Bibi nikilisikiliza jina hilo kama mtu anayesubiri aitwe dirishani hospitali. Halikuitwa. Ilipofika amina nilikuwa nimekasirika kiasi cha kushindwa kuitikia.

Kwa hiyo nikawa nasali mwenyewe. Nilikwenda nyuma ya jiko, palipokuwa na kuni na kuku anayetamia, nikasema Baba Yetu mpaka mwisho kisha nikaongeza, "Na Mama Agnesi." Sikujua kuongeza kitu kingine. Nilikuwa na hisia kwamba kazi yote iko juu yangu. Nikisahau siku moja hakuna mwingine anayekumbuka, na likitokea lolote nitakuwa nimelisababisha mimi. Nikikumbuka sasa, nadhani huo ndio upweke mkubwa kuliko wote niliowahi kuujua, na nimeujua mwingine baadaye. Watu walikuwepo. Nilikula kutoka kwenye sahani moja na Bibi, ugali wa muhogo na mbaazi, na siku nyingine ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, ambayo Mama Hamisi alituletea. Lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba hawa si watu wangu. Nilikula kimya na nikalala mapema.

Maua yaliisha, mabibo yakaanza kuwa mekundu, na habari ikaja. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika Newala mjini lakini siyo Mkunya, na baba alikuwa amepiga kwenye duka moja la mjini, na mwenye duka akamwambia mtu, na mtu yule akaja kwa baiskeli. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji. Habari ilikuwa hiyo tu. Alipoulizwa anaendeleaje, yule mtu alifuta jasho na kusema anaendelea vizuri, na nilimwona Bibi akikaa chini. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa kwenye mchanga. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Mama Hamisi alivuka ua na ndoo yake nusu ya maji, na kiangazi kile nusu ndoo ilikuwa kitu, akaimimina kwenye mtungi wetu, kisha akaja kukaa pembeni ya Bibi. Hakusema neno. Alikaa mpaka jua likazama, akakosa swala yake kwa wakati, akaenda kuiswali baadaye. Nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona yote hayo, lakini sikuyaelewa.

Jioni ile Bibi alisali kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Akamwombea Mama Yohana kwa muda mrefu, akarudia mambo yale yale, mikono ya waganga, kitanda, watoto wake. Kisha akainua uso. "Utushushie nfaliji..." Sikumwacha amalize. Nilisimama na kusema, kwa sauti ambayo Mama Hamisi lazima aliisikia, kwamba sisali tena. Nilimwambia kila siku anaomba mfereji, mfereji, kama bati ni la maana kuliko mtu, na anamwombea mama wa watu wengine, na mama yangu amepasuliwa na hamtaji. Nilisema na mengine. Nililia huku nikisema, kwa hiyo mengi hayakueleweka, na hilo pengine lilikuwa jema.

Bibi aligeuka akiwa bado amepiga magoti. "Nfeleji?" aliuliza. "Nfeleji upi?" Nikamwonyesha kwa kidole, juu, upande ule ulioning'inia. Alitazama dari, akanitazama mimi, na kwanza nikadhani amekasirika, kumbe alikuwa anajizuia kucheka. Alishindwa. Alicheka mpaka akashika ubavu, na katikati ya kicheko machozi yakaanza, na baada ya muda sikujua tena ni kicheko au ni kilio. Alinivuta nikae kwenye gunia. Akajaribu kulitamka polepole, akitafuta ile m ya Masasi kwa midomo yake, "M-fa-ri-ji," na lilimshinda, likatoka tena nfaliji. "Siyo wa maji," akasema. "Ni yule anayekuja kukaa na ntu. Umemwona Mama Hamisi alipokuja leo? Alisema nini?"

Nikamwambia hakusema kitu.

"Basi. Mungu naye ana wake, hamwoni ntu, anakuja hivyo hivyo, anakaa. Hazuii kitu. Mimi siombi azuie, naomba kwanza akae." Alinifuta uso na kanga. "Na mama yako nimentaja kila siku. Mama Yohana ni nani, kama siyo mama yako?"

Hivi ndivyo nilivyopata habari za kaka yangu, kwenye gunia, kibatari kikitoa moshi. Yohana alizaliwa kabla yangu, katika chumba kile kile nilichokuwa nalala, kwa sababu mama alikuja kujifungulia kwa mama mkwe. Aliishi mpaka alipoanza kukaa mwenyewe, kisha homa ikamchukua. Alizikwa nyuma ya kanisa. Baba na mama wakahamia Masasi, mimi nikazaliwa huko, na Masasi ambako hakuna aliyemjua Yohana wakamwita mama kwa jina la mtoto waliyemwona. Lakini Mkunya hawakubadilisha. "Yohana ndiye aliyempa umama," Bibi alisema. "Jina hilo ntu havuliwi. Wewe ni wa pili, nke mwenzangu." Nilikumbuka kwamba kila jioni aliomba Mama Yohana arudi kwa watoto wake, na nilidhani watoto hao wako nyumba fulani pale kijijini. Mmoja alikuwa mimi. Nilikuwa nimelisikia jina la mama yangu tangu siku niliyofika na sikulijua.

Asubuhi yake nilimwachia kichwa. Alifumua nywele zile mstari mmoja mmoja kwa kijiti, taratibu, akatumia maji zaidi ya yale aliyowahi kunipa kwa siku nzima, na alipofika kwenye mstari uliopinda akasema mama yako alikuwa amechoka. Nilisubiri kitu kibaya kitokee. Kuku walilia, gari likapita barabarani bila kusimama. Bibi akanisuka upya, kwa mtindo wa zamani ambao watoto wa Mkunya waliucheka, na kwa kuwa safari hii nilielewa wanacheka nini, nikacheka nao.

Jumapili tulikwenda kanisani. Nilikuwa nimekwenda Jumapili zote zilizotangulia, lakini nilikuwa nikikaa na kuhesabu madirisha. Kanisa la Mkunya wakati ule lilikuwa na sakafu ya udongo mbele na saruji nyuma, kwa sababu fedha ziliisha njiani, na padre alikuja pale zamu yake ilipofika. Siku nyingine ibada iliongozwa na mwalimu wa kanisa, mzee mrefu mwenye kikohozi. Ubani ulikuwepo bila kukosa. Moshi wake ulipigana na salfa kwenye nguo za watu na siku nyingi ulishinda. Ilipofika sala za wagonjwa, mwalimu yule alitaja majina, na katikati yake akasema, "Mama Yohana, aliye Dar es Salaam," na watu wote, waliokuwa wamejaa mpaka mlangoni, wakaitikia kwamba Bwana atusikie. Waliitikia bila kusita, kama jambo la kila wiki. Na lilikuwa la kila wiki. Wale wote, wanawake nisiowajua, wanaume wenye vidole vya njano, watoto walionicheka, walikuwa wamembeba mama yangu muda wote ule ambao mimi nilikuwa nyuma ya jiko na kuku nikidhani niko peke yangu. Nilijisikia mwepesi ghafla, wepesi wa kimwili kabisa, mpaka nikashika benchi. Nimesoma vitabu tangu wakati huo na najua kwamba mtu anaweza kuueleza wepesi ule kwa njia nyingine. Mimi ninauita faraja, na sijaona jina lililo sahihi zaidi.

Sitaki kusema kwamba hofu iliisha. Haikuisha. Habari hazikuja tena kwa wiki nyingi, na niliendelea kukimbilia mlangoni gari likipita. Tuliokota korosho, Bibi na mimi na Mama Hamisi, tukizisokota kutoka kwenye mabibo mpaka vidole vikawa vinanata, na kuna siku niliacha kuokota na kulia bila sababu ya siku hiyo. Tofauti ilikuwa kwamba sasa nililia mbele ya watu. Jioni nilipiga magoti pembeni ya Bibi badala ya nyuma yake, na ilipofika zamu ya Mama Yohana nilisema na yeye, na nilipenda jinsi jina lile lilivyomtaja na kaka yangu pamoja, wawili kwa mara moja. Nyuma ya jiko sikwenda tena.

Mvua ya kwanza iliponyesha mfereji ulikuwa bado unaning'inia, na maji mengi yalimwagika uani huku tukikimbia na masufuria. Mama alirudi baada ya hapo. Alishuka kwenye basi amejifunga kanga kifuani na nyingine begani, amekonda mpaka nilimtambua kwa mwendo tu, na baba amemshika kiwiko. Nilikuwa nimeifikiria siku ile mara nyingi na kila mara nilikuwa nakimbia. Sikukimbia. Nilisimama nikasema, "Shikamoo, mama," kama kwa mgeni, naye akasema marahaba, akaangalia nywele zangu. Bibi akapita mbele yangu, akampokea mkoba, akasema, "Karibu nyumbani, Mama Yohana." Mama alikuwa amejikaza njia yote kutoka Dar es Salaam, baba alituambia baadaye, hakulia hata mara moja. Alilia hapo, kwenye bega la mama mkwe wake, kwenye matope. Ndipo na mimi nikakimbia.

Nilimuuliza habari za hospitali miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakuwa mwalimu wa hesabu na Bibi ameshatangulia mbele za haki. Nilitaka kujua kama alihisi kitu. Nilitaka, nadhani, aniambie kwamba saa ile ya jioni, tulipokuwa tunamtaja, yeye kule wodini alipata utulivu. Mama alifikiri kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alisema saa ya jioni ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Wageni wanaondoka, taa zinawashwa, kila mgonjwa anageukia ukuta wake. Alisema hakusali. Alijaribu mwanzoni, akakuta maneno hayapo, na baada ya upasuaji hakujaribu tena. "Sikuweza, mwanangu," alisema. "Lakini nilimjua mama mkwe wangu. Nilijua saa hiyo yuko chini kwenye gunia lake. Nikamwachia yeye."

Ninakaa Masasi, na mama ninaye. Maji yanatoka bombani siku nyingi za wiki, na simu yangu inaniletea habari za kila mgonjwa wa ukoo pamoja na picha, kabla sijamaliza chai. Kwenye kundi letu mtu akifiwa zinakuja pole nyingi ndani ya dakika chache, na mishumaa ya rangi, na mikono iliyokunjwa, na mimi hutuma yangu pia. Siidharau. Lakini najua ni wangapi kati yetu wangekaa mchangani na mtu mpaka jua likazama bila kusema neno, na mara nyingine sina hakika kama mimi ni mmoja wao. Barabara ya kwenda Newala siku hizi watu wanaisafiri kwenda na kurudi kwa siku moja, na nyumba ya Bibi ina mpangaji. Hofu ninayo bado, ya mtu mzima, ambayo inajua majina ya magonjwa. Ninakwenda ibada ya alfajiri kabla ya kazi, na nikikuta maneno hayapo sijilazimishi. Nakaa tu, naitikia wanapoitikia wenzangu.

Mama hakumbuki tena. Ilianza kwa majina ya watu wa mbali, ikaja kwa ya karibu, na mwaka huu kuna siku ananiita dada na kuna siku haniiti kabisa. Mwili wake ni mzima. Ni yeye anayepotea ndani yake, na anajua kwamba anapotea, na jioni jua likishuka anaanza kuogopa, anauliza nyumbani ni wapi na watu wake wameenda wapi. Ndiyo saa ninayosali naye. Nakaa kwenye kitanda chake, namshika mkono, nasema kwa sauti sala za kwenye kitabu, na zile bado anazo, anazifuata kwa midomo mpaka mwisho. Kisha nasema zangu.

Juzi nilikuwa nikimwombea yeye, kama ninavyofanya kila jioni, kwamba mama asiogope, kwamba mtu akae naye mahali ambapo mimi sifiki. Akaufinya mkono wangu nikanyamaza.

"Mama yako anaumwa?" aliuliza.

"Anaumwa kidogo."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa hapa nyumbani."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepewa habari njema ya jirani. "Afadhali," akasema. "Mwambie asiogope. Mwambie mimi nitakuwa namwombea."

Nikasema nitamwambia, tukaitikia amina.